Silaha ya Dawa na Ngao ya Chakula

Mwezi Desemba, mwaka 1945, Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alitoa onyo mjini Stockholm katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel. Alieleza kwamba mtu asiyejua aweza kujitibu kwa kiasi cha dawa kisichotosha, na kwa kufanya hivyo akawazoeza bakteria kuistahimili.

Onyo hilo limetimia. Uchunguzi wa kimataifa umekadiria kuwa katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kutokana na bakteria sugu, na kwamba Afrika kusini ya Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

Nchini Uganda, chanzo kimojawapo cha balaa hilo kinaonekana katika maduka ya dawa, mijini na vijijini. Mzazi ambaye mtoto wake ana mafua hununua vidonge vichache vya antibiotiki kwa kadiri ya fedha aliyo nayo. Mtoto akipata nafuu, vilivyosalia huwekwa vikimngojea mgonjwa mwingine. Si haki kumlaumu mzazi huyo peke yake, kwani pengine kituo cha afya kiko mbali na duka liko jirani. Hata hivyo, madhara ni yale yale. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Huua bakteria dhaifu waliomo mwilini, na kuwaachia walio sugu nafasi ya kuzaliana. Siku mtoto huyo, au wa jirani, atakapopatwa na kichomi, dawa iliyomponya kaka yake huenda isimfae.

Njia mojawapo ya kupunguza haja ya dawa ni kuuimarisha mwili usiugue mara kwa mara. Mtoto mwenye utapiamlo hushikwa na maradhi upesi na huchelewa kupona. Kinga yake ya kwanza ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Baadaye, matoke matupu hayatoshi. Yahitaji maharage, karanga, mchicha na dagaa. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini A, ambayo huimarisha ngozi laini ya koo na matumbo, mahali ambapo maradhi hupenyea. Kwa kuvistawisha viazi hivyo, Robert Mwanga wa Uganda alikuwa miongoni mwa wataalamu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Lakini chakula hakishiki nafasi ya dawa. Mtoto anayehema kwa shida hana budi kupelekwa kwa mganga mara moja, naye atumie dawa kama alivyoelekezwa, bila kuikatiza wala kuigawa.

Kizazi hiki kiliirithi silaha hii ingali kali. Itakuwa aibu kuwarithisha watoto silaha butu, na miili isiyo na ngao.