Homa ya Ini na Mjamzito (3): Sindano ya Siku ya Kwanza

Siku ya Homa ya Ini Duniani, 28 Julai, huja kila mwaka, na magazeti husema yake. Wachache hutaja kwamba siku hiyo ndipo alipozaliwa Baruch Blumberg, mwaka 1925, na habari za mtu huyu sichoki kuzisimulia.

Blumberg hakuwa akitafuta ugonjwa wa ini. Alikusanya damu za watu wa mataifa mengi ili ajue kwa nini mmoja huugua na jirani yake akapona. Yeye na mtafiti mwenzake Harvey Alter wakaona damu ya mgonjwa wa hemofilia huko Marekani, aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi, ikishikana na damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Walichokiona wakakiita antijeni ya Australia, wakakitangaza 1965, wakidhani kinahusiana na saratani ya damu. Mwaka 1967 mtaalamu mmoja wa maabara yao akaanza kuugua, akajipima mwenyewe, akakikuta kitu kile kile mwilini mwake. Ilikuwa homa ya ini B! Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel 1976, na antijeni hiyo ndiyo inayotafutwa hadi leo kliniki inapochukua damu ya mjamzito.

Taiwan waliisoma vizuri habari hiyo. Walianza kuchanja vichanga dhidi ya homa ya ini B 1984, wakati mtoto mmoja katika kila kumi alikuwa na virusi vyake. Leo hafiki mmoja katika mia.

Sisi je? Huku kwetu Kilimanjaro, Rombo nzima, Tarakea ikiwamo, mzazi hutunzwa ndani, akaletewa mtori na nyama, mama mkwe akimhudumia. Ni mila ya kujivunia. Lakini mila hiyo haimkingi mtoto na virusi: kichanga akiambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki na virusi maishani ni karibu asilimia 90. Kwa mtu mzima ni chini ya 5. Ndiyo maana tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linataka kichanga achanjwe ndani ya saa 24. Chanjo hii imo kwenye ratiba yetu ya Tanzania tangu 2002, ila kwa miaka mingi imesubiri wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, na kwa mtoto wa mama mwenye virusi huko ni kuchelewa. Mama mwenye virusi vingi hupewa dawa ya tenofovir wakati wa ujauzito. Kunyonyesha hakukatazwi.

Na wakwe wanaomrudisha binti wa watu kwao kwa sababu ya majibu ya kipimo, waone haya. Wengi wetu tuliozaliwa kabla ya 2002 huenda tulipata virusi hivi utotoni bila kosa la mtu, na hatujapima.

Mjamzito aombe kipimo hudhurio la kwanza. Akikutwa navyo, aulize mapema chanjo ya kichanga inapatikana wapi, maana kutoka Tarakea hadi Moshi si mwendo wa kuanza na uchungu.

Juma lijalo: homa ya ini aina E, iliyoua wajawazito Kitgum, Uganda.