Vyeti Viwili kwa Miaka Minne: Mzazi Aulize Nini Kuhusu Mkondo wa Amali

Kila elimu inapoingia kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji, swali moja hurudi: je, mtoto aliyepangiwa shule yenye mkondo wa amali ameshushwa daraja? Mama mmoja aliliuliza bila kuficha. Binti yake alikuwa amefaulu vizuri darasa la saba, lakini majirani walimwambia kwamba wanaopelekwa kwenye ufundi ni wale ambao vitabu vimewashinda. Alitaka kujua kama apokee nafasi hiyo au aombe uhamisho. Makala haya yameandikwa kwa ajili yake na kwa wazazi wengine wa kata zetu wenye wasiwasi kama wake.

Mkondo wa amali umetokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, na mitaala iliyoboreshwa iliyoanza kutumika Januari 2024. Kwa utaratibu huo, elimu ya sekondari ina mikondo miwili. Mkondo wa jumla ndio ule tuliouzoea. Katika mkondo wa amali, mwanafunzi husoma baadhi ya masomo ya jumla, kama vile Hisabati, Kiingereza na Historia ya Tanzania na Maadili, huku akijifunza fani kwa vitendo: umeme, uashi, useremala, ushonaji, kilimo, upishi au nyingine kulingana na uwezo wa shule. Afikapo mwisho wa kidato cha nne, hupimwa pande mbili. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hupima masomo ya sekondari. Ujuzi wa fani hupimwa kwa viwango vinavyosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Vyeti vinakuwa viwili, na miaka inabaki ile ile minne.

Wazo hili la kumwezesha mwanafunzi kuanza masomo ya hatua inayofuata kabla hajamaliza sekondari halikuzaliwa kwetu peke yetu. Nchini Marekani, jimbo la Minnesota lilipitisha sheria mwaka 1985 iliyowaruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma kozi za chuo wakiwa bado shuleni, na kozi moja ikahesabiwa pande zote mbili. Majimbo mengine yalifuata. Faida yake ilionekana kwa familia zisizo na uwezo mkubwa, kwa kuwa kijana huingia chuoni akiwa amekwisha kupunguza sehemu ya safari na ya gharama. Hata hivyo, wazazi wa huko waligundua jambo ambalo nasi tunapaswa kulijua mapema: kozi iliyokubaliwa na chuo kimoja yaweza kukataliwa na kingine. Kijana hujikuta amesoma kwa bidii, lakini kile alichosoma hakihesabiki pale anapotaka kwenda. Thamani ya masomo ya namna hii hutegemea nani anayatambua, na hilo huulizwa kabla ya kuanza.

Turudi basi kwenye kata zetu. Cheti cha ufundi kina uzito gani? Tuchukue fani ya umeme, maana kila nyumba inayojengwa humhitaji fundi. Mafundi wengi wa mitaani walijifunza kwa kumfuata fundi mkubwa, na baadhi yao wana mikono mizuri kuliko mwenye cheti. Lakini anayefanya kazi za ufungaji wa umeme anatakiwa na sheria kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), na mwananchi anayeomba kuunganishiwa umeme na TANESCO hutakiwa awe amefungiwa nyaya na mkandarasi anayetambuliwa. Leseni huombwa kwa vyeti vya mafunzo. Fundi asiye na cheti hufanya kazi, mwenye leseni hutia sahihi, na malipo makubwa hufuata sahihi. Huo ndio unyonge ambao vijana wetu wengi wamekuwa wakiubeba.

Swali la pili la wazazi ni kama mkondo wa amali hufunga mlango wa elimu ya juu. Haufungi. Vyuo vya kati hufundisha kwa ngazi za tuzo za ufundi: ngazi ya 4 na ya 5 ni za astashahada, na ya 6 ni ya stashahada. Mwenye stashahada ya ngazi ya 6 anaweza kuomba shahada ya kwanza chuo kikuu, ambako kigezo cha jumla cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni wastani usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu unaotakiwa wa kidato cha nne na masharti ya kozi yenyewe. Kwa hiyo matokeo ya NECTA yana kazi hata kwa mwanafunzi wa amali. Anayeyapuuza kwa kuwa “mimi ni fundi” anajikatia njia mwenyewe, na walimu wakumbushe hili tangu kidato cha kwanza.

Ukweli mwingine usifichwe. Kila tahasusi ya kidato cha tano hudai masomo yake. Mwanafunzi ambaye hakusoma Biolojia hatachaguliwa kwenye tahasusi inayodai Biolojia, hata awe hodari kiasi gani. Ikiwa binti wa yule mama ana ndoto ya udaktari na anapenda sayansi, basi wasiwasi wa mama yake una msingi, na mkondo wa jumla huenda ukamfaa zaidi. Ikiwa hana hakika bado, kama walivyo watoto wengi wa umri huo, mzazi aketi naye waangalie orodha ya masomo ya fani aliyopangiwa na yale yasiyokuwamo. Kumpeleka mtoto kwenye amali kwa sababu tu ni karibu na nyumbani, au kumwondoa kwa sababu ya maneno ya majirani, ni makosa yanayofanana.

Sasa tufike kwenye shule yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo cheti cha pili hupatikana au hukosekana. Si kila shule ya sekondari ina mkondo huu. Shule inayoutoa yapaswa kuwa na karakana au shamba la mafunzo, vifaa, na mwalimu aliyesomea fani hiyo. Mzazi anayo haki ya kuuliza, na mkuu wa shule hapaswi kukasirika. Aulize fani gani hasa zimesajiliwa katika shule hiyo, maana shule yaweza kutambuliwa kwa ushonaji na isitambuliwe kwa umeme. Aombe kuiona karakana. Mwiko, timazi na pima maji vikiwa vipya kabatini huku wanafunzi wako kidato cha pili, hiyo ni habari tosha. Aulize wanafunzi hufanya vitendo mara ngapi kwa juma, na kama wanapata nafasi ya kujifunza kwa mafundi na wafanyabiashara wa eneo hilo. Shule za serikali hazitozi ada, lakini mavazi ya kazi, viatu vya usalama na malazi kwa wanaotoka mbali ni mambo ya kuulizwa mapema ili yasije yakawa sababu ya mtoto kuacha masomo.

Kuna hesabu moja ambayo kila kata inapaswa kuifanya tangu sasa. Wanafunzi wa amali walioanza kidato cha kwanza mwaka 2024 wanatarajiwa kumaliza kidato cha nne mwaka 2027. Mwaka huo huo, watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita, na wenzao waliokuwa mbele yao kwa darasa moja watamaliza darasa la saba. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Madarasa, madawati na karakana vitahitajika kwa wingi usio wa kawaida, na kamati za maendeleo za kata zinazopanga nguvu za wananchi zisingoje mwaka huo ufike.

Wapo pia ambao wameshatoka shuleni. Kijana aliyejifunza kazi gereji au kwa fundi seremala anaweza kuomba VETA kupimwa kwa utaratibu wa urasimishaji ujuzi, na akifaulu hupewa cheti bila kuanza mafunzo upya. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo nchini ni 54, navyo vimekuwa vikiwapokea wasichana walioacha shule, wakiwamo waliopata ujauzito, wakasoma sekondari kwa njia mbadala pamoja na fani. Baadhi ya vyuo hivyo vina mahali pa kulelea watoto wakati mama yuko darasani. Msichana aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa pia kurudi katika shule ya kawaida tangu mwaka 2021, na mzazi asikubali kuambiwa vinginevyo.

Mzazi anayetaka ufafanuzi aanzie kwa Afisa Elimu Kata, ofisi ya mtendaji wa kata ikimwelekeza pale inapobidi. Aende na jina la shule aliyopangiwa mtoto, fani iliyotajwa, na matokeo yake ya darasa la saba. Jambo linalozidi uwezo wa kata hupelekwa Idara ya Elimu Sekondari, makao makuu ya Halmashauri. Ombi la uhamisho huandikwa kwa barua yenye sababu, na ni vema liwasilishwe kabla muhula haujaenda mbali. Mtoto mwenyewe naye afike. Yeye ndiye atakayeshika msumeno au kitabu kwa miaka minne, na mara nyingi ana jibu ambalo hakuna aliyemuuliza.