Kayamba si Vumbi

Watu wa makamo wa Kisauni, Mombasa, wana zilipendwa za namna mbili, na moja huionea haya. Kuna taarabu, rumba na chakacha, ambazo hutajwa kwa fahari. Kisha kuna Boney M., Modern Talking, Sandra, Baltimora na wenzao wa Ujerumani na Italia, ambao nyimbo zao wengi wamezihifadhi neno kwa neno ila wachache watakwambia ni zao. Siku hizi santuri zimerudi sokoni. Nchini Marekani, mapato yake yaliyapita ya CD mwaka 2020, jambo lililokuwa halijatokea tangu miaka ya themanini. Kwa hiyo swali la sahani ya santuri ipi isafishwe, ipi inakiliwe na ipi iachwe si la wazee wa Ulaya peke yao. Linamhusu pia mwenye sanduku chini ya kitanda huko Utange. Hoja yangu ni kwamba disko la Ulaya ni sehemu halali ya kumbukumbu za pwani hii, na kwamba ukilikubali hilo, kazi ya ukarabati itakubidi uianze na sahani nyingine kabisa.

Utange iko nyuma ya Bamburi na Shanzu, si mbali na hoteli za ufuoni. Katika miaka ya sabini na themanini ndege za kukodi ziliwashusha Mombasa Wajerumani, Waswisi na Waitaliano, na kampuni ya African Safari Club ilikuwa na hoteli kadhaa huko Shanzu. Wageni walikuja na masikio yao, na bendi za hotelini zilitakiwa kuyajua. Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison iliyoanza mwaka 1972, ilikulia katika kumbi hizo. Wimbo wao Jambo Bwana, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison, ulitoka mwaka 1982, na kwa maelezo ya mtunzi mwenyewe uliuza zaidi ya nakala 200,000 nchini Kenya kufikia 1987. Mwaka 1983 Boney M. waliuimba kwa namna yao. Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wameshaimba Malaika, wimbo uliofungamana na jina la Fadhili William ingawa mzozo juu ya nani aliyeutunga haujaisha. Basi kundi lile lililotengenezwa Ujerumani na Frank Farian, ambaye sauti nzito ya kiume tuliyodhani ni ya mchezaji wao, Bobby Farrell, ilikuwa yake, lilirudisha Mombasa kitu kilichotoka Mombasa. Mombasa nayo haikukaa kimya: Mombasa Roots waliichukua chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini, wakaivika ala za disko na kuiita Disco Chakacha bila kuona aibu.

Wako watakaosema huku ni kuyapamba masikio yaliyotawaliwa. Hoja yao ina uzito. Mwaka 1980 redio ya Sauti ya Kenya ilitangaza kwamba asilimia 75 ya muziki wake utakuwa wa Kenya, na agizo hilo halikudumu. Nyimbo za nje zilirejea hewani upesi, na mwanamuziki wa Mombasa akabaki kuwapigia watalii muziki wa kwao kando ya bwawa la kuogelea. Biashara haikuwa ya haki, na siitetei. Lakini dhuluma ya soko haifuti walichokifanya wapigaji wenyewe. Mpiga gitaa aliyelazimika kulijua disko ili apate mshahara alilibeba hadi nyumbani, akalichanganya na mwendo wa Kimijikenda, na mchanganyiko huo ndio uliotoka kwenye sahani. Ukitupa nusu ya Ulaya kwa sababu ni ya Ulaya, nusu ya pili haitaeleweka ilikuwa ikijibu nini.

Pingamizi la pili ni la kiuchumi zaidi: kwa nini mtu ajisumbue na sahani iliyokwaruzika ilhali kila kitu kiko kwenye simu? Kwa upande wa Ulaya, jibu ni kwamba karibu kila kitu kiko kweli, isipokuwa matoleo marefu ya kuchezea, na hayo yanahitaji maelezo kidogo. Sahani ya inchi saba inayozunguka mara 45 kwa dakika hubeba wimbo wa dakika nne au tano kila upande. Besi huisukuma sindano huku na huku kwa upana, hivyo ukilazimisha dakika zaidi, mifuo hubanana na sauti inabidi ipunguzwe. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ya New York ilianza kuwauzia watu wa kawaida wimbo mmoja kwenye sahani ya inchi kumi na mbili. Mifuo ikapata nafasi ya kuachana, besi ikanenepa, na mchanganyaji akaweza kuurefusha wimbo hadi dakika saba au nane. Ulaya ya miaka ya themanini iliishi kwa sahani hizo. Baadhi ya matoleo yake hayajaingizwa kwenye mitandao ya muziki, na anayeyataka hana njia ila kununua sahani kuukuu na kuiosha. Hata hivyo kampuni za huko zilitunza kanda mama, na lolote linaloonekana kuwa na mnunuzi hutolewa upya.

Hapa kwetu hali ni nyingine. Sahani ndogo zilizopigwa chapa Nairobi, nyingi kwa idadi ndogo, zilitoka katika kampuni ambazo nyingine zimefunga na nyingine kuuzwa, na kanda mama mara nyingi hazijulikani zilikokwenda. Sahani iliyobaki ndiyo asili. Ndiyo maana mkusanyo kama Kenya Special, uliotolewa na Soundway ya London mwaka 2013, ulikuwa na thamani. Na ndiyo maana kibanda cha santuri cha Jimmy Rugami katika soko la Kenyatta, Nairobi, hutembelewa na wanunuzi kutoka mabara mengine. Anayelifungua sanduku kwa kuwatafuta Modern Talking atawakuta. Namwomba aendelee kupekua. Cheri Cheri Lady yao ina nakala chungu nzima duniani, na ikivunjika leo hakuna kitakachopungua. Sahani ya bendi ya hotelini iliyo chini yake huenda haina mwenziwe.

Kuiosha si kazi ya ajabu. Hewa ya pwani huotesha ukungu kwenye karatasi za majalada, na ukungu huo hushuka ndani ya mifuo. Joto la chini ya mabati hulainisha plastiki, sahani ikajipinda. Iliyojipinda ni ngumu kuinyoosha, na majaribio ya kuibana kati ya vioo na kuianika juani huharibu nyingi kuliko yanazoponya. Lakini uchafu hutoka. Maji yanayofaa ni yale yasiyo na chumvi wala chokaa, yauzwayo kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri (maji yenyewe, si asidi), pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo, kisha kitambaa laini kifuate mzunguko wa mfuo, kamwe kisiukate. Karatasi ya katikati isilowe. Suuza, simamisha ikauke kivulini, uiweke kwenye bahasha mpya. Spiriti kidogo inavumilika kwa plastiki, lakini zile sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu ambao spiriti huuyeyusha. Aliye na za lebo ya Mzuri ya hapa Mombasa kutoka enzi za sahani hizo asijaribu.

Baada ya maji huja kompyuta, na hapo ndipo uharibifu mkubwa hufanyika siku hizi. Programu za kusafisha sauti, hata za bure kama Audacity, huweza kufuta mlio wa mkwaruzo mmoja mmoja bila madhara. Tatizo ni hatua inayofuata, ya kuondoa mchakacho wa chini unaosikika muda wote. Programu huonyeshwa mfano wa kelele, kisha hupunguza kila kinachofanana nayo. Kwa wimbo wa Ujerumani uliojengwa juu ya kinanda cha umeme na ngoma ya mashine, hasara ni ndogo. Lakini kayamba ni nini kwa mashine? Ni mbegu zikipita juu ya matete, mlio mpana wa masafa ya juu usio na noti, ndugu wa damu wa vumbi kwenye mfuo. Ukikaza kichujio, vumbi linakwenda na kayamba linakwenda nalo, na chakacha inabaki na mwendo wa kiwete. Vipimo vinavyopendekezwa kwa pop ya Ulaya havifai kuhamishiwa huku. Afadhali nakala yenye vumbi linalosikika kuliko nakala safi isiyo na mpigaji.

Kuhusu sheria, Kenya hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo hata rekodi ya 1982 bado ina mwenyewe hadi mwisho wa 2032. Kuinakili sahani yako isipotee na kuisambaza kwa jina lako ni mambo mawili.

Limebaki jambo moja ambalo wakarabati hawakubaliani. Wakati Ulaya ikihamia inchi kumi na mbili, Kenya iliendelea sana na inchi saba, na wimbo mrefu wa kuchezea ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Mara nyingi mkato unaangukia pale gitaa linapoanza kuchemka. Sauti inafifia, na upande wa pili inarejea ikipanda. Kwenye kompyuta ni rahisi kuziunga sehemu mbili ukapata wimbo mmoja wa dakika tisa, na wengi hufanya hivyo kisha wakatupa vipande. Wanaotetea kuunga husema bendi ukumbini haikusimama kungoja mtu ageuze sahani, na wana haki. Ila kiungo hicho ni cha mkarabati, si cha bendi: anakisia ni mapigo mangapi yalimezwa katika kufifia kule, na akikosea mchezaji atajua kwa miguu kabla ya masikio. Mimi ningetunza faili mbili jinsi zilivyotoka kwenye sindano, bila kuchujwa, kwa ubora wa juu kadiri mashine inavyoruhusu, na ya tatu iliyoungwa ningeipa jina linalosema wazi kwamba imeungwa, na nani aliyeiunga.