JOTO LA NCHA YA KASKAZINI NA BARIDI YA MBALI



Umekwisha kusoma kwamba dunia inazidi kupata joto. Jambo hilo ni kweli. Lakini huenda pia umesikia redioni kwamba watu wamekufa kwa baridi huko Marekani au Ulaya. Basi ukauliza: "Kama dunia inapata joto, baridi hiyo inatoka wapi?" Swali hilo ni zuri. Tulijibu hatua kwa hatua.

1. Ncha ya Kaskazini ni wapi?

Dunia ni mviringo kama chungwa. Mstari wa Ikweta hupita katikati yake. Sisi wa Afrika Mashariki tuko karibu na Ikweta. Jua hutupiga utosini, na joto letu ni jingi.

Upande wa juu wa chungwa, pale penye kikonyo, ndipo ilipo Ncha ya Kaskazini. Huko jua halipandi juu sana, hata wakati wa kiangazi. Wakati wa baridi halionekani kabisa. Kwenye ncha yenyewe jua likishatua, hukaa karibu miezi 6 bila kuchomoza. Kwa hiyo huko ndiko baridi inakozaliwa. Pale hapana ardhi. Pana bahari, na juu ya bahari pana barafu.

2. Barafu inapungua

Viwanda, magari na mitambo ya umeme huchoma makaa ya mawe na mafuta. Huko hutoka gesi ambazo huzuia joto la dunia lisitoke. Dunia nzima inapata joto, lakini si kwa kiasi kimoja. Tangu mwaka 1979, sehemu za Ncha ya Kaskazini zimepata joto kwa kasi ya karibu mara 4 kuliko wastani wa dunia.

Kwa nini huko zaidi? Chukua kitambaa cheupe na kitambaa cheusi. Vianike juani. Baada ya muda viguse. Cheusi kitakuwa cha moto zaidi. Barafu ni kama kitambaa cheupe. Hurudisha mwanga wa jua juu. Maji ya bahari ni kama kitambaa cheusi. Hunywa joto. Barafu ikiyeyuka, maji meusi huonekana na kunywa joto. Joto hilo huyeyusha barafu nyingine. Mambo huendelea hivyo hivyo.

Mwezi Septemba 1979 barafu ya bahari hiyo ilienea kama kilomita za mraba milioni 7. Septemba 2012 ilibaki kama milioni 3.4 tu. Barafu iliyokosekana ingeweza kufunika nchi kubwa kama Tanzania karibu mara 4.

3. Zizi la baridi

Mfugaji hufunga ng'ombe zizini. Boma likiwa imara, ng'ombe hulala humo. Boma likilegea, ng'ombe hutoka na kuingia katika shamba la jirani. Baridi ya Ncha ya Kaskazini nayo ina zizi. Boma lake ni upepo.

Boma hilo ni la sehemu mbili. Sehemu ya chini ni upepo mkali unaopita kama kilomita 10 juu ya ardhi. Huo ni urefu unaopita mara moja na nusu ya Mlima Kilimanjaro. Upepo huo huizunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki. Sehemu ya juu iko mbali zaidi angani. Hiyo huizunguka Ncha wakati wa baridi tu.

Upepo hupata nguvu kutokana na tofauti kati ya baridi na joto. Tofauti ikiwa kubwa, upepo huwa na nguvu na hupita karibu kwa mstari. Tofauti ikipungua, upepo huweza kulegea na kupinda. Fikiri juu ya mto. Kwenye mteremko mkali maji hukimbia moja kwa moja. Yakifika kwenye tambarare, kama bonde la chini la Rufiji, huenda polepole na kupindapinda.

Sasa unaona jambo lenyewe. Ncha ikipata joto, tofauti hupungua. Boma linaweza kulegea. Mahali upepo unapopinda kwenda kusini, baridi hutoka zizini na kushuka nao. Mahali unapopinda kwenda kaskazini, joto hupanda. Kwa hiyo baridi haikuongezeka duniani. Imehama.

4. Yaliyotokea Texas mwaka 2021

Texas ni jimbo la kusini mwa Marekani. Ukubwa wake ni kama robo tatu ya Tanzania. Mji wake mmoja, Houston, uko mbali na Ikweta karibu sawa na Cairo, mji mkuu wa Misri. Watu wa huko wamezoea joto.

Mwanzoni mwa Januari 2021, hewa ya juu sana kule Nchani ilipata joto ghafla kwa siku chache. Boma la juu likavurugika. Mwezi Februari likavutika kuelekea Amerika ya Kaskazini. Baridi ikashuka mpaka Texas. Tarehe 16 Februari, mji wa Dallas ulipata digrii 19 chini ya sifuri. Kumbuka kwamba maji huganda kwenye digrii sifuri.

Mabomba ya gesi na mitambo ya umeme ya Texas haikukingwa kwa baridi ya namna hiyo. Mingine iliganda ikasimama. Nyumba na maduka zaidi ya milioni 4 yalikosa umeme. Umeme huo ndio uliokuwa ukipasha nyumba joto. Mabomba ya maji yalipasuka ndani ya nyumba. Serikali ya jimbo ilihesabu watu 246 waliokufa.

Wengi walikufa kwa baridi yenyewe. Wengine walikufa kwa njia nyingine. Waliwasha majiko ya mkaa ndani ya nyumba zilizofungwa, au wakawasha jenereta na magari karibu na vyumba. Hewa ya sumu ikawaua.

Tena, baridi kali ilikwisha kufika Texas mwaka 2011, na umeme ukakatika. Wataalamu walishauri mitambo ikingwe. Wengi hawakufanya hivyo. Baada ya vifo vya 2021 ndipo jimbo likatunga sheria ya kuwalazimisha. Nchi tajiri nayo huumia ikipuuza ushauri.

5. Wataalamu wanasemaje?

Mwaka 2021 mtaalamu wa Marekani, Judah Cohen, na wenzake waliandika katika jarida la Science. Walisema kwamba barafu kupungua kaskazini mwa Urusi, pamoja na theluji nyingi kuanguka Siberia, huvuta boma la juu na kulirefusha. Walitaja baridi ya Texas kuwa mfano. Wataalamu wengine wanasema kwamba boma hilo lililegea mara nyingi hata zamani, na kwamba joto la Ncha si sababu kubwa. Majadiliano hayo hayajakwisha.

Lakini wataalamu hao wanakubaliana katika jambo moja. Majira ya baridi ya nchi hizo, kwa jumla, yanapungua ukali. Siku chache za baridi kali hazionyeshi kwamba dunia imeacha kupata joto. Ng'ombe mmoja akiingia shambani mwako, huwezi kusema kwamba ng'ombe wameongezeka kijijini.

6. Je, baridi hiyo hutufikia?

La. Upepo wa kaskazi hutujia toka Desemba hadi Machi. Lakini hupita nchi za joto na Bahari ya Hindi, na hutufikia ukiwa na joto. Baridi yetu ya Juni na Julai huja na upepo wa kusi, wakati nchi za kusini mwa Afrika ziko katika majira yao ya baridi.

Hata hivyo hewa ya sumu iliyoua watu wa Texas inaweza kuua hata hapa kwetu. Katika sehemu za baridi kama Njombe, Makete na Lushoto, watu huota moto wa mkaa ndani ya nyumba. Mkaa ukiisha kushika vizuri hautoi moshi. Watu hudhani ni salama. Si salama. Hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini. Basi tufanye hivi:

(a) Tusilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama baridi ni kali.
(b) Tukiota moto, tufungue mlango na dirisha.
(c) Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, tumtoe nje mara moja apate hewa safi. Kisha tumpeleke zahanati.

Baridi ya Texas ilitoka mbali. Lakini watu walikufa kwa sababu mitambo haikukingwa, na kwa sababu wengine hawakujua hatari ya mkaa. Hatuwezi kuzuia upepo. Kukinga nyumba na kufundishana tunaweza.

Maneno mapya

Digrii: kipimo cha joto na baridi.
Ncha ya Kaskazini: mwisho wa dunia upande wa kaskazini.
Theluji: chembe nyeupe za barafu zinazoanguka kama mvua.
Wastani: kiasi cha kati.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini bahari hunywa joto zaidi kuliko barafu?
2. Boma la zizi la baridi ni nini? Hulegea kwa sababu gani?
3. Mtu akikuambia, "Marekani kuna baridi kali, kwa hiyo dunia haipati joto," utamjibu nini?
4. Katika kijiji chenu watu huotaje moto wakati wa baridi? Ni jambo gani linafaa kubadilishwa?