Kauri, Bao na Kioo: Je, Ni Mashahidi Watatu?

 



Makatazo ya kupiga ramli mmeyasikia mara nyingi, na wengi wenu mwaijua hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, kwamba amwendeaye mwaguzi akamwuliza jambo, Sala zake hazikubaliwi kwa siku arubaini. Lakini yuko mtu asemaye: "Kauri peke yake siiamini, ila kauri ikinena, na bao likanena vivyo hivyo, na kioo kikaonyesha, nani awezaye kukataa?" Huyo ndiye tunayetaka kuzungumza naye leo.

Tuvitazame kwanza vyombo vyenyewe, maana husemwa kuwa ni mila ya mababu. Kauri ni gamba la mnyama wa bahari ya chumvi. Ziwa letu la Nyasa ni la maji baridi, halizai kauri hata moja. Zilizofika pande hizi za Mbaha, Liuli na Mbamba Bay asili yake ni Bahari ya Hindi, na zilipandishwa bara na misafara ya biashara. Huko Uganda zilipata kuwa fedha, na hata leo Waganda huita fedha kwa jina la kauri, ensimbi. Bao la ramli nalo limetoka kwa Waarabu, na neno lenyewe maana yake ni mchanga: mistari minne, kila mstari nukta moja au mbili, zikapatikana sura kumi na sita. Elimu hiyo hiyo ilivuka hadi Bukini, ambako hupigwa kwa mbegu. Ama kioo ni bidhaa ya dukani tu. Katika miaka ya 1930 waaguzi wa Mchape, waliotoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walifika hata Rhodesia ya Kaskazini; huko watu walipangwa mstari, wakapitishwa nyuma ya mwaguzi, naye akawatazama katika kioo kidogo ili amtambue mchawi.

Basi kila chombo kilikuja kwa njia yake, na aliyeviweka juu ya mkeka mmoja ni mwaguzi. Kwa nini aviweke pamoja?

Tuseme mvuvi wa Mbaha ametupa nyavu majuma matatu, naye hurudi na mtumbwi mtupu. Aenda kuuliza: je, huu ni mkono wa mtu? Kauri yaanguka mdomo juu: ndiyo. Bao lapigwa: hapana. Sasa angalieni, ndugu zetu. Kioo kikisema ndiyo, kimekubaliana na kauri; kikisema hapana, kimekubaliana na bao. Vyombo vitatu vyenye majibu mawili tu haviwezi kabisa kukosa viwili vyenye kauli moja. Mwenye shaka na ajaribu nyumbani kwa sarafu tatu. Lakini yule mvuvi ataambiwa kuwa wawili wamemshinda mmoja, naye atarudi na yakini ambayo kauri moja isingempa.

Halafu huja maswali. Ni wa upande wa mama au wa baba? Mwanamume au mwanamke? Mzee au kijana? Akaa karibu au mbali? Maswali manne ya namna hii yatosha kumtoa mtu mmoja katika watu kumi na sita, na ukoo wetu mmoja huenda usipungukiwe na watu hao. Lazima apatikane mtu. Mara nyingi hupatikana shangazi mjane, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, wala hana mwana wa kumtetea.

Sheria yetu yataka mashahidi wawili katika mambo mengi, kwa kuwa kila mmoja ameona kwa macho yake. Kauri ilikuwa mfukoni mwa mwaguzi usiku ule nyavu zilipotupwa. Imeona nini?

Waarabu wa zama za ujinga nao walipiga bao kwa mishale: mmoja wa kuamrisha, mmoja wa kukataza, na wa tatu mtupu; ukitoka mtupu walirudia. Katika Sura ya Al-Maida jambo hilo limetajwa pamoja na ulevi na kamari. Na Mtume (S.A.W.) alipoifungua Makka mwaka wa 8 wa Hijra, alikuta katika Al-Kaaba sanamu za Nabii Ibrahim na Nabii Ismail zimeshikishwa mishale hiyo, akazikanusha kwa ukali.

Serikali nayo imeliona dhara hili. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, humtia hatiani anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Na mwezi wa Januari 2015 wapiga ramli walipigwa marufuku nchini, baada ya ndugu zetu wenye ualbino kuuawa.

Wako wanaouliza kama istikhara si bao jingine. La. Istikhara ni rakaa mbili na dua. Mja humwomba Mola wake amchagulie lenye kheri, kisha hulishika jambo lake baada ya kutaka shauri kwa wenye ujuzi nalo. Mvuvi wetu atawauliza wenzake dagaa wako wapi mwezi huu, na ataukagua wavu wake tundu kwa tundu. Hakuna katika dua hiyo pahala pa kutajwa jina la shangazi.