Rodi za Kuchomelea: Nunua Kidogo, Weka Pakavu

Tangi la maji la lita 2,000 likijaa lina uzito wa tani mbili. Katika mitaa ya Kangemi, Kawangware, Riruta, Waithaka na Uthiru, ambako wengi wetu tunaishi kwa kufuata ratiba ya mgao wa maji, matangi kama hayo yamesimama juu ya stendi za chuma nyuma ya nyumba, na mara nyingi karibu na pale watoto wanapochezea. Stendi hizo hazikutoka kiwandani. Zilichomelewa na fundi wa mtaani, au na mwenye nyumba aliyejinunulia mashine ndogo na kuanzisha karakana nyumbani. Tani hizo mbili zimebebwa na mishono michache yenye urefu wa kidole.

Mshono ukiachia, lawama humwendea fundi au mashine. Ni nadra mtu kuuliza rodi zililala wapi usiku wa kuamkia kazi hiyo. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza hadi bawaba ya lango la ploti ninakoishi ilipong'oka. Fundi aliyeitwa kuitengeneza alinionyesha mahali ilipokatikia: ndani ya mshono mlikuwa na vitundu vingi, kama mkate. Alisema hiyo ni kazi ya rodi zilizonyeshewa.

Rodi ya kawaida ni waya wa chuma uliopakwa unga mgumu. Unga huo una kazi kubwa. Ukiungua hutoa moshi unaokinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa, kisha huacha gamba juu ya mshono linalouwezesha kupoa polepole. Lakini unga huohuo hunywa unyevu wa hewani. Maji yaliyojificha humo yakifikiwa na moto wa umeme hugawanyika na kutoa haidrojeni, ambayo huingia ndani ya chuma kilichoyeyuka. Chuma kikipoa, gesi hutafuta njia ya kutoka na kuacha vitundu. Kwenye chuma kinene au kigumu kuna hatari nyingine mbaya zaidi: haidrojeni iliyobaki ndani inaweza kuleta ufa saa kadhaa baadaye, hata siku mbili baada ya fundi kulipwa na kwenda zake.

Upande wetu wa magharibi wa jiji hauna uhaba wa unyevu. Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, kisha huja baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti, na vuli hurudi Oktoba hadi Desemba. Wanaoishi karibu na Dagoretti Corner, yalipo makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, hawahitaji kuambiwa jinsi asubuhi za Julai zilivyo. Bati la paa hutoa jasho, na jasho hilo hudondokea chochote kilicho chini yake.

Kabla ya kulipa

Mkazi wa huku ana njia mbili. Anaweza kununua katika hadiwea ya mtaani kwake, au kushuka mjini hadi Kirinyaga Road, barabara ambayo wengi bado wanaiita Grogan, na River Road. Bei ya mjini inaweza kuwa nafuu. Duka la mtaani nalo lina faida yake: unaweza kununua rodi za kazi ya leo tu. Kwa mtu anayechomelea Jumamosi peke yake, pakiti ya kilo 5 iliyofunguliwa na kukaa miezi minne si nafuu hata kidogo.

Soma nambari iliyo kwenye pakiti, ambayo kwa kawaida huchapishwa pia kwenye rodi yenyewe karibu na upande unaoshikwa. Rodi nyingi zinazouzwa kwa kazi za malango na grili za madirisha ni E6013. Tarakimu mbili za kwanza hueleza nguvu ya mshono, yaani pauni 60,000 kwa kila inchi mraba. Tarakimu 1 inayofuata ina maana kwamba rodi inafaa kuchomelea chuma kilicholala, kilichosimama na hata kilicho juu ya kichwa. Ya mwisho hueleza aina ya unga na umeme unaofaa. E6013 huwaka kwa urahisi na husamehe makosa madogo ya mwanafunzi. Utaikuta pia E7018, yenye mshono wa nguvu zaidi, ila utunzaji wake ni mgumu na nitaurudia hapo chini.

Unene nao huitwa kwa geji. Geji 12 huandikwa milimita 2.5 na geji 10 milimita 3.2. Kumbuka kwamba kadiri nambari ya geji inavyopanda ndivyo rodi inavyokuwa nyembamba. Kwa karakana ya nyumbani geji 12 yatosha kazi nyingi. Geji 10 huhitaji mkondo wa ampea 90 hadi 130, na soketi ya kawaida ya nyumbani ya ampea 13 haiwezi kulisha mashine inayofanya kazi hiyo kwa muda mrefu bila plagi kupata moto. Hata geji 12 huikaribisha soketi hiyo kwenye kikomo chake. Anayetaka kuchomelea kila wiki amwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA amvutie laini ya peke yake kutoka kwenye boksi kuu.

Sasa itazame rodi yenyewe. Unga uwe umeizunguka sawasawa pande zote. Ukiwa mnene upande mmoja, moto utavutwa kando na mshono utapinda. Usiwe na nyufa wala sehemu zilizobambuka. Ncha ya waya isiwe na kutu. Ukiona vumbi jeupe kama chumvi limejitokeza juu ya unga, rodi hiyo imekaa na maji muda mrefu, iache. Kuna pia kipimo cha masikio ambacho mafundi hukitumia: shika rodi chache mkononi uzigonganishe. Zilizo kavu hulia kwa mlio mkali wa chuma, zilizonywa maji hutoa sauti nzito, kama vijiti vya mti. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kitakuepusha na mengi.

Angalia pia alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS. Chini ya alama hiyo huwa na nambari ya kibali. Andika kwenye simu SM# na kuifuatiza nambari hiyo, kisha tuma kwa 20023, na utajibiwa kibali hicho ni cha nani na cha bidhaa gani. Jina likitofautiana na lililo kwenye pakiti, usinunue.

Wanaonunua kwa kilo wana jambo moja zaidi la kuangalia. Mizani ya duka inapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri na wakaguzi wa mizani kila mwaka, nawe una haki ya kuomba kuuona muhuri huo. Njia nyingine ni kuhesabu: kilo moja ya geji 12 ina rodi kama 50 hadi 60 kutegemea urefu, na ya geji 10 ina kama 30 hadi 35. Ukipewa 40 za geji 12 kwa bei ya kilo, mizani hiyo ina kasoro. Peleka malalamiko katika ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yako ukiwa na risiti mkononi. Bila risiti mkaguzi hana pa kuanzia.

Kutoka dukani hadi nyumbani

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, rodi za rejareja hufungwa kwa gazeti au karatasi ya kaki. Ni jambo jema kwa mitaro yetu. Lakini karatasi haizuii mvua, na safari ya matatu kutoka mjini hadi Waithaka siku ya mvua inatosha kuziharibu rodi kabla hazijafika. Njia rahisi ni kujitengenezea kopo la kubebea. Kata paipu ya plastiki ya inchi tatu yenye urefu wa sentimita 40, gundisha kifuniko upande mmoja na uweke cha kufungua upande wa pili. Rodi ndefu za kawaida ni za sentimita 35, hivyo zitaenea vizuri.

Kopo hilohilo linafaa kuhifadhia nyumbani. Mwenye rodi nyingi atumie ndoo ya rangi ya lita 20, iliyosafishwa na kukaushwa kabisa, ambayo kifuniko chake kina utepe wa mpira. Tia ndani vile vijifuko vya kukausha unyevu vinavyopatikana kwenye masanduku ya viatu vipya. Andika kwa kalamu aina ya rodi na tarehe uliyofungua pakiti. Ndoo iwe juu ya rafu ya mbao, isiguse sakafu ya simiti wala ukuta wa nje, na isiwe chini ya bati lisilo na dari. Mbali na jiko pia, kwa sababu mvuke wa ugali na chai ni unyevu kama mwingine wowote.

Mafundi wengine hutumia friji mbovu. Huichomoa injini, huacha mlango wenye mpira wake, na kuweka ndani balbu ya zamani ya waya ya wati 40 au 60 inayowaka mchana na usiku. Joto lake dogo huzuia unyevu kutua. Mpango huo ni mzuri kwa E6013, mradi nyaya za balbu zifungwe na anayejua umeme na mlango uwe na kufuli. Mtoto akijifungia ndani ya friji hawezi kupumua.

Rodi zilizopata unyevu kidogo zinaweza kurudishwa hali yake. Kwa E6013 watengenezaji wengi hutaja joto la kati ya nyuzi 100 na 150 za Selsiasi kwa muda wa saa moja hivi. Fuata kilichoandikwa kwenye pakiti yako. Usitumie oveni ya kupikia chakula cha familia. Kuzianika juani hakutoi maji yaliyoingia ndani ya unga, na kuziweka juu ya makaa hupasua unga huo. Zile zenye kutu, vumbi jeupe au unga uliobambuka hazina dawa. Zitupe.

E7018 ni habari nyingine. Pakiti ikifunguliwa, rodi hizo hutakiwa kukaa kwenye oveni maalum ya nyuzi 120 hadi 150, na zikikaa nje kwa zaidi ya saa nne huhesabiwa kuwa zimenywa unyevu. Kuzikausha upya huhitaji nyuzi 300 hadi 400, joto ambalo oveni ya nyumbani haifikii. Kwa maoni yangu, asiye na oveni ya rodi anunue pakiti ndogo iliyofungwa kiwandani, aifungue asubuhi ya kazi na aimalize siku hiyohiyo.

Kwa wenye mashine za waya

Mashine ndogo zinazotumia waya wa kujiviringisha zimeanza kuonekana katika karakana za nyumbani. Waya mtupu, unaoandikwa ER70S-6, hupakwa shaba nyembamba kuzuia kutu na huhitaji mtungi wa gesi. Waya wenye unga ndani, kama E71T-GS, hauhitaji gesi, lakini kwenye mashine nyingi ni lazima ubadilishe nyaya za chanya na hasi kabla ya kuutumia. Ukisahau, utadhani waya ni mbovu. Roli huuzwa za kilo 1, 5 na 15. Wa nyumbani aanze na ya kilo 1. Ukimaliza kazi usiache roli kwenye mashine. Itoe, irudishe kwenye mfuko wake na uifunge. Kutu kidogo tu hukwamisha waya kwenye ncha ya bunduki, na wenye unga ndani ukinywa maji huwezi kuukausha nyumbani, maana roli ya plastiki itayeyuka kwanza.

Stendi iliyokwisha kujengwa

Kama una stendi ya tangi ambayo huna hakika nayo, ikague mchana kukiwa na mwanga. Piga mishono brashi ya waya na utazame kwa karibu. Vitundu kama vya sindano, mstari mwembamba wa ufa kando ya mshono, au michirizi ya kutu inayotoka kwenye kiungo ambacho kimepakwa rangi ni dalili za kuita fundi. Mshono mbovu husagwa wote hadi chuma kizima kionekane ndipo uchomelewe upya. Kuongeza mwingine juu yake ni kuvifunika vitundu tu. Na kabla fundi hajawasha mashine, fungua bomba na uache tangi litoke maji yote, hata kama mgao unaofuata ni Alhamisi.