Oili Tumboni mwa Ndege

Cessna 172 iliyoruka miaka mingi utaitambua hata ukiitazama kwa chini: michirizi myeusi inaanzia nyuma ya boneti na kukimbilia mkiani. Mwenyewe anaifuta leo, kesho akitua ipo tena. Wengi hudhani injini inavuja. Mara nyingi haivuji. Oili hiyo imetoka kwenye bomba dogo lililowekwa makusudi, ambalo mafundi huliita bridha.

Ringi za pistoni haziwezi kuziba silinda kabisa. Kila petroli inapoungua, gesi kidogo hupenya pembeni na kuingia kwenye kasha la krenki, ambamo oili inarushwarushwa huku krenki ikizunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Gesi hiyo ikikosa njia, shinikizo hupanda mpaka sili ya mbele, nyuma tu ya propela, ing'oke. Bridha ndiyo njia yenyewe, na gesi inapopita humo huondoka na matone madogo ya oili.

Oili haitoki peke yake. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji karibu lita moja. Mengi hupitia ekzosi, lakini mengine huingia injini na kutokea bridha. Katika nchi za baridi kali kama Kanada maji hayo huweza kuganda na kuziba mdomo wa bomba, ndiyo maana mabomba mengi hutobolewa tundu la akiba mahali penye joto, ndani ya boneti. Kwetu Afrika Mashariki barafu huanzia karibu mita 5,000, juu ya anga ya kawaida ya 172. Sisi tuwatazame nyigu wa udongo, ambao hupenda kujenga kwenye mabomba.

Uchafu unaopaka tumbo la ndege una asidi, na kama ndege inatumia petroli ya 100LL, una risasi pia. Vaa glavu. Futa kwa kitambaa na mafuta ya taa, kisha osha kwa maji ya sabuni, ukichunga yasiingie kwenye vitundu vya vipimo vya mwendo na urefu. Ukiuacha kwenye maungio ya bati, hula rangi, kisha alumini.

Je, oili itoke kiasi gani? Hapa ndipo wenye ndege wengi hujitakia hasara. Sampo (hifadhi ya oili) ya injini ya Lycoming O-320 huchukua kwati 8, kama lita 7.5, nao huijaza mpaka juu wakiamini wanaitunza injini. Kwati ya kwanza hupulizwa nje upesi, kisha kipimo hutulia kwenye 7 au 6 na kukaa hapo muda mrefu. Anayeongeza kila asubuhi ananunua oili ya kupaka tumbo la ndege! Kwa injini hiyo ya nguvu za farasi 160, kanuni ya Lycoming inaruhusu ukomo wa takriban nusu kwati kwa saa. Injini nzima hutumia chini sana ya hapo.

La kutisha ni badiliko la ghafla. Matumizi yakipanda, fundi huingiza hewa ya shinikizo la pauni 80 kwenye silinda, kisha husikiliza. Mlio ukitokea kwenye tundu la dipstiki, ringi zimechoka. Ukitokea kwenye ekzosi, ni vali.

Kipo pia kifaa cha kutenganisha oili na hewa, ambacho huirudisha oili kwenye injini. Tumbo hubaki safi, lakini kisipofikia joto la kutosha hurudisha na maji, tena kinaficha dalili. Kwa maoni yangu, kije mwisho. Kwanza shusha kipimo chako hadi kwati 7, bila kwenda chini ya kiwango cha kitabu cha ndege yako, na uandike kila unachoongeza mpaka siku ya kubadilisha oili.